Fimbo, mshipi na nzi mmoja: mwongozo kamili wa kuvua trauti kwa tenkara

Wengi wanaotamani kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, hukwama dukani kabla hawajafika mtoni. Wanaoneshwa fimbo za kila urefu, magurudumu ya kukunjia mshipi, mishipi inayoelea na inayozama, fulana yenye mifuko kila upande, na masanduku ya nzi wa rangi zote. Fedha zinaisha, hamu inapoa. Kwa kijito cha mlimani chenye upana wa mita tatu hadi nane, ambako samaki wengi wana urefu wa sentimita 15 hadi 30, karibu vyote hivyo havihitajiki.

Wajapani wa milimani walikuwa wakivua samaki wa jamii ya trauti, yaani yamame, amago na iwana, kwa fimbo ndefu ya mwanzi, mshipi uliofungwa kwenye ncha ya fimbo hiyo, na nzi mmoja wa manyoya. Mtindo huo ndio tenkara. Ulianza kujulikana sana nje ya Japani kuanzia 2009, Daniel Galhardo alipoanzisha kampuni ya Tenkara USA nchini Marekani. Mwalimu wake, Dakta Hisao Ishigaki, anasifika kwa kutumia aina moja tu ya nzi popote aendapo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mtindo huu una pa kufanyikia. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakapandwa katika mto Gura kwenye safu ya milima ya Aberdare, nchini Kenya. Baadaye walifuata trauti wa upinde wa mvua. Leo trauti wapo katika mito ya baridi inayoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, kama vile Gura, Chania, Sagana, Thego, Naro Moru na Burguret, na kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kimekuwa kikizalisha vifaranga vya kupandwa mitoni. Mito hii ni midogo, ina mawe mengi na maji ya kasi. Ndiyo hasa aina ya maji ambayo tenkara ilibuniwa kwa ajili yake.

Uchache wa vifaa hapa si kubana matumizi tu. Unakuja na faida ya uvuvi wenyewe. Trauti wa mtoni hula kile kinachoteremka na maji kwa mwendo wa maji. Mshipi mzito ukilala juu ya mto, mkondo wa katikati huubeba haraka kuliko maji ya pembeni, nao huburuta nzi. Nzi anayeburutwa anakata maji kinyume na wadudu wengine, na samaki humwacha. Fimbo ya mita tatu na nusu yenye mshipi mwepesi hukuwezesha kuuinua mshipi wote hewani, ukabaki uzi wa sentimita 20 au 30 tu majini. Hapo nzi husafiri kama mdudu wa kweli. Ukishalielewa hili, maelezo mengine yote ya mwongozo huu yatakuwa na sababu.

Vifaa

Fimbo. Nunua ya kuvuta na kukunja, ya kaboni, yenye urefu wa mita 3.6 ikifunguliwa. Ikikunjwa inabaki kama sentimita 50 na inaingia kwenye begi la mgongoni. Uzito wake huwa chini ya gramu 100. Fimbo ya mita 4.5 ni ya mito mipana, na mwanzo itakuchosha mkono. Kwenye vijito vilivyofunikwa na matawi na mianzi, ya mita 2.7 hadi 3 ni bora zaidi. Ukilazimika kuchagua moja, chukua ya 3.6. Kwenye ncha kuna kikia cha kamba laini chenye urefu wa sentimita mbili au tatu. Hapo ndipo mshipi hufungwa.

Kama huna fedha za fimbo ya dukani, mwanzi mkavu, mwembamba, ulionyooka, wa mita tatu, unafaa kabisa kujifunzia. Uache ukauke kivulini wiki kadhaa, kata ncha mahali penye unene wa milimita tatu hivi, kisha gundisha na kuzungushia uzi kipande cha kamba laini cha sentimita tatu. Utakuwa mzito na hautapinda vizuri, ila kanuni ni zilezile.

Mshipi. Tumia mshipi wa fluorokaboni (aina ya plastiki) wa unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, namba 3.5 kwa vipimo vya Kijapani, yaani milimita 0.31 hivi. Chagua wenye rangi kali kama chungwa au kijani kibichi, kwa sababu macho yako yatakuwa juu ya mshipi siku nzima. Kukiwa na upepo, namba 4 (milimita 0.33) hukata hewa vizuri zaidi. Nailoni ya kawaida ya unene huo ni nyepesi kuliko fluorokaboni na upepo huichezea, lakini kwa mazoezi ya uwanjani inatosha. Kata urefu ulio sawa na fimbo yako: mita 3.6 kwa fimbo ya 3.6.

Uzi wa mwisho. Huu ni uzi usioonekana kwa urahisi, wa milimita 0.15 (unaouzwa kama 5X), urefu wa mita moja, unaounganisha mshipi na nzi. Usizidishe unene wake. Uzi huu umekusudiwa kuwa sehemu dhaifu kuliko zote: ndoana ikinasa gogo, au samaki mkubwa akikuzidi, uzi ukatike na fimbo ipone. Anayeweka uzi wa milimita 0.25 kwa kuogopa kupoteza nzi wa bei ndogo ataishia kuvunja fimbo ya bei kubwa.

Zaidi ya hapo unahitaji kikata kucha cha kukatia uzi, koleo ndogo yenye mdomo mwembamba ya kutolea ndoana, kimia chenye wavu wa mpira au wenye macho madogo, kofia, na miwani ya polaroidi. Miwani si pambo. Inaondoa mng'ao juu ya maji ili uone mawe na samaki, na inalinda jicho lako dhidi ya ndoana inayorudi kwa kasi. Ongeza kibao kidogo cha plastiki au kadibodi ngumu cha kuzungushia mshipi. Nzi sita wanatosha siku nzima.

Mafundo mawili tu

Kuna mafundo mengi ya wavuvi. Kwa tenkara jifunze mawili, uyafunge hadi mikono iyafanye gizani.

La kwanza ni kitanzi cha kwenye fimbo. Kunja mwisho wa mshipi uwe mara mbili, funga fundo la kawaida kwa mikunjo hiyo miwili kwa pamoja, ukipitisha mara mbili badala ya moja, hadi ubaki na kitanzi kigumu cha sentimita mbili. Sasa pitisha mshipi wenyewe ndani ya kitanzi hicho ili utengeneze kitanzi cha pili kinachokaza. Ingiza kikia cha fimbo humo na uvute. Hakikisha mwishoni mwa kikia umefunga fundo dogo, na kitanzi kimekaza nyuma yake, yaani upande wa fimbo, la sivyo mshipi utateleza na kutoka. Wakati wa kufungua, sukuma kitanzi kirudi nyuma kwa ukucha. Kitaachia bila kukata chochote.

La pili ni fundo la mizunguko mitano. Utalitumia kufungia nzi, na pia kufungia uzi wa mwisho kwenye kitanzi kidogo cha nusu sentimita utakachokuwa umekitengeneza kwenye mwisho wa pili wa mshipi.

1. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, utoe kiasi cha sentimita kumi.
2. Zungusha ncha hiyo kwenye uzi mkuu mara tano.
3. Rudisha ncha kwenye uwazi mdogo ulioachwa karibu kabisa na tundu la ndoana.
4. Ilowanishe kwa mate, kisha vuta uzi mkuu taratibu hadi mizunguko ijipange karibu karibu.
5. Kata mkia, ubakize milimita mbili.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayopoteza samaki. Uzi mkavu ukikazwa kwa nguvu hujisugua, hupata joto na kudhoofika papo hapo. Ukiona fundo lina mikunjo iliyopandana ovyo, au uzi uliojisokota mbele yake kama nywele iliyokaangwa, kata uanze upya. Kisha lijaribu kwa kuvuta kwa mkono. Ni heri likatike mkononi mwako kuliko mdomoni mwa samaki.

Kutengeneza kebari

Nzi wa tenkara huitwa kebari. Aina inayojulikana zaidi ni ile yenye manyoya yanayoelekea mbele, kwenye tundu la ndoana, badala ya nyuma. Ina faida inayoonekana majini. Ukivuta uzi kidogo, maji huyasukuma manyoya nyuma. Ukiacha, yanarudi mbele. Nzi anaonekana anapumua. Tazama jambo hili kwenye bilauri ya maji kabla hujaenda mtoni, utaelewa kwa nini hakuna haja ya rangi nyingi.

Unahitaji ndoana namba 12 (namba ikipanda, ndoana huwa ndogo zaidi), uzi mweusi mwembamba (ule wa cherehani mwembamba kuliko yote unafaa kuanzia), unyoya laini wa shingoni wa kuku jike wa kienyeji, wa kahawia au kijivu, na vanishi ya kucha isiyo na rangi. Jiliwa ndogo ya kubania ndoana inasaidia. Usipokuwa nayo, koleo lililofungwa mpira kwenye mishikio hubana ndoana vizuri.

1. Bonyeza kwa koleo kile kijino kilichopo nyuma ya ncha ya ndoana hadi kilale. Fanya hivi mwanzo kabisa. Ndoana ikivunjika, ivunjike kabla hujaifanyia kazi.
2. Bana ndoana, anza kuzungusha uzi milimita mbili nyuma ya tundu. Mizunguko sita inatosha kushika.
3. Chagua unyoya ambao nyuzi zake zina urefu wa mara moja na nusu ya upana wa uwazi wa ndoana. Nyofoa manyoya mepesi ya chini. Funga kikonyo cha unyoya kwenye ndoana, upande wake uliobonyea, usiong'aa, ukielekea kwenye tundu.
4. Zungusha unyoya mara tatu kuelekea nyuma, kila mzunguko ukikaa nyuma ya uliotangulia. Shika ncha yake kwa mizunguko minne ya uzi, kata kilichobaki.
5. Rudisha nyuzi za unyoya mbele kwa vidole, kisha zungusha uzi mara kadhaa nyuma yake, ukiegemea shina, hadi manyoya yabaki yameinamia mbele.
6. Endelea na uzi hadi ndoana inapoanza kupinda, urudi hadi nyuma ya manyoya. Mwili uwe mwembamba.
7. Malizia kwa vifundo vitatu nyuma ya manyoya, kata, weka tone la vanishi kwa ncha ya sindano.

Kosa la kila anayeanza ni kujaza manyoya. Nzi mwenye mizunguko saba ya unyoya hazami, huzunguka hewani na kusokota uzi, na majini huonekana kama brashi. Kosa la pili ni vanishi kuziba tundu. Pitisha kikonyo cha unyoya humo kabla haijakauka.

Je, nzi mmoja anatosha kweli? Katika maji ya kasi yenye mawe, ndiyo. Chakula hupita mbele ya samaki kwa sekunde moja au mbili, naye huamua kwa umbo, ukubwa na mwendo. Katika bwawa lililotulia, trauti ana muda wa kumkagua nzi, na hapo wanaobadilisha nzi hupata faida. Kwa kijito, muda unaotumia kubadilisha nzi ni muda ambao nzi hayupo majini. Ukitaka tofauti, tengeneza wale sita hivi: wanne namba 12 wenye mwili mweusi, na wawili namba 14 wenye unyoya wa kijivu kwa siku ambazo maji ni machache na meupe.

Kurusha

Jifunzie uwanjani kwenye nyasi, na badala ya nzi funga kipande kidogo cha uzi wa sufu. Dakika kumi na tano kwa siku, wiki moja, zinakutosha kwenda mtoni.

Shika mpini bila kuukaba, kidole cha shahada kikiwa kimenyooka juu yake. Piga picha akilini ya uso wa saa ya ukutani, mtazamaji akiwa amesimama upande wako wa kushoto: kichwa chako kiko kwenye namba 12, na mbele yako ni upande wa namba 10. Inua fimbo kwa kuongeza kasi na isimamishe ghafla inapofika 12. Subiri mshipi unyooke nyuma. Kwa fimbo hii ni muda wa kutamka neno moja. Kisha peleka mbele na uisimamishe kwenye 10. Kiwiko kikae karibu na mbavu. Kazi ni ya kigasha na kifundo cha mkono, wala bega halihitajiki. Ukiirusha vizuri, nzi hutua kwanza na mshipi hubaki hewani.

Mshipi ukianguka kwa rundo mbele yako, umeishusha fimbo chini ya 10 au hukusimama ghafla. Nzi akinasa nyasi za nyuma, umepita 12. Ukisikia mlio kama wa kiboko, umerudisha mbele mapema mno, na huenda nzi ameshakatika, mkague. Ukikuta kifundo kimejifunga katikati ya uzi wa mwisho, usikifungue kwa meno ukaendelea. Uzi wenye kifundo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Badilisha.

Chini ya matawi hakuna nafasi ya kurusha juu. Laza fimbo ubavuni na urushe sambamba na maji. Pakiwa finyu zaidi, shika nzi kwenye mpindo wa ndoana kwa kidole gumba na cha shahada, ncha ikitazama nje, vuta hadi fimbo ipinde, elekeza, achia. Nzi ataruka chini ya tawi la urefu wa kiuno. Huu ndio urushaji utakaoutumia zaidi kwenye ukanda wa mianzi wa Aberdare, hivyo ufanyie mazoezi sawa na ule wa juu.

Jiwe moja, sehemu tano

Trauti hukaa akitazama mkondo unakotoka. Kwa hiyo ingia mtoni ukitokea chini na upande kuelekea juu, ukiwa nyuma yake. Kaa umbali wa mita tano hadi saba, inama, epuka kivuli chako kuanguka kwenye maji unayotaka kuvua, na usitimbe ukingoni kwa viatu vizito. Mtikisiko wa ardhi humfikia samaki kabla ya sura yako.

Chukua jiwe moja kubwa kama meza, limesimama katikati ya kijito, maji yakilipita pande zote mbili. Wanaoanza humrusha nzi moja kwa moja kwenye maji tulivu ya nyuma ya jiwe. Samaki yupo hapo, kweli, lakini kuna mahali pengine panne, na mpangilio wa kupavua una maana.

Anza na pale mikondo miwili inapokutana tena chini ya jiwe, hatua mbili tatu kutoka kwenye jiwe lenyewe. Ndipo palipo karibu nawe zaidi, na ukipapita utamtimua samaki aliyepo naye atakimbilia juu kuwashtua wengine. Baada ya hapo, vua mstari wa upande wa kulia ambapo maji ya kasi yanasuguana na maji ya polepole. Mstari huo unaonekana kwa macho, mara nyingi una povu jembamba, na povu na chakula husafirishwa pamoja. Kisha mstari wa kushoto. Kisha maji tulivu ya nyuma, ukikumbuka kuwa humo maji huzunguka na wakati mwingine hurudi juu, hivyo samaki anaweza kuwa anatazama upande wako. Mwisho, rusha mbele ya jiwe, upande maji yanakotoka. Maji yakigonga jiwe hurudi kidogo na kutengeneza kama mto wa kulalia, wa maji laini, mbele yake. Wavuvi wengi hawapagusi hapo, na mara nyingi ndipo alipo samaki mkubwa wa jiwe hilo, kwa kuwa huona chakula kwanza.

Kila sehemu ipe mirusho miwili au mitatu mizuri. Mrusho mzuri ni ule ambao nzi ametua nusu mita juu ya mahali unapokusudia na kupapita bila kuburutwa. Hakuna aliyeshika? Songa. Kwenye kijito, miguu yako huvua zaidi kuliko kurudia palepale mara ishirini.

Mwache nzi ateremke huru, ukiifuatisha ncha ya fimbo kwa kasi ya maji. Hii iwe asilimia kubwa ya uvuvi wako. Samaki akimfuata na kugeuka, rusha tena, na safari hii mvute nzi sentimita kumi, acha, mvute tena, kama mara moja kila sekunde. Njia ya tatu ni kumzuia nzi asimame mahali pamoja kwenye mstari wa povu kwa sekunde mbili, kitu ambacho fimbo ndefu tu ndiyo inayokiwezesha.

Kushika, kumleta, kumwachia

Mara nyingi hutahisi chochote mkononi. Utaona mshipi umesimama wakati maji yanaendelea, au umecheza kidogo, au kumetameta kwa dhahabu chini ya maji. Inua kifundo cha mkono sentimita 20 au 30, basi. Ukivuta kwa mkono mzima utamrusha samaki mdogo mtini na kukata uzi kwa mkubwa.

Baada ya hapo shikilia fimbo ikiwa imepinda. Mpindo huo ndio unaofanya kazi ambayo gurudumu lingefanya: unatoa kidogo samaki anapovuta na kurudisha anapochoka. Usielekeze fimbo kwa samaki, maana mpindo ukipotea uzi hubaki peke yake na kukatika. Akikimbilia chini ya mto, mfuate kwa miguu. Ilaze fimbo upande mmoja kisha mwingine ili umpoteze mwelekeo. Akichoka, inua fimbo juu na nyuma ya bega, shika mshipi kwa mkono wa pili, umwongoze kwenye kimia. Usishike ncha ya fimbo iliyopinda hata kidogo. Hapo ndipo fimbo nyingi huvunjika.

Ndoana ikinasa jiwe au gogo, kunja fimbo kwanza, shika mshipi wenyewe kwa mkono uliofungwa kitambaa, uvute kwa mstari ulionyooka. Usivunje uzi kwa kupinda fimbo.

Unayemwachia, lowanisha mikono kwanza. Ngozi ya trauti ina ute unaomkinga na maradhi, na mkono mkavu huuondoa. Mbakize majini kwenye kimia, geuza ndoana kwa koleo, itatoka yenyewe kwa kuwa kijino kimelazwa. Ukitaka kumtazama nje ya maji, usizidishe sekunde tano. Mshike akitazama mkondo hadi aondoke mwenyewe. Trauti hustawi kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Yakifika 20, hewa ya oksijeni ndani ya maji ni kidogo na samaki aliyepigana huweza kufa hata ukimwachia vizuri. Siku hiyo panda juu zaidi au pumzika.

Unayemla, mpige pigo moja thabiti kichwani mara tu atokapo, mpasue na kumtoa matumbo na ule mstari wa damu mweusi kwenye uti wa mgongo, umfunge kwenye majani mabichi yaliyolowa, kivulini. Nyama ya trauti huharibika haraka kuliko ya perege.

Kibali, majira na usalama mlimani

Nchini Kenya kuvua trauti kunahitaji leseni ya uvuvi, na mito mingi imo ndani ya hifadhi za taifa au misitu ya serikali, hivyo utalipa pia kiingilio cha Shirika la Wanyamapori au kupata ruhusa ya Huduma ya Misitu. Uliza ofisini, kabla ya safari, idadi na ukubwa wa samaki unaoruhusiwa kuchukua kwenye mto huo, maana masharti hutofautiana.

Maji yanafaa zaidi Januari na Februari, na tena kati ya Juni na Septemba. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta maji ya tope ambayo samaki hawezi kuona nzi ndani yake. Maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa si tope; ni rangi ya majani ya mlimani, na huvulika vizuri. Asubuhi sana maji ya juu huwa baridi mno na samaki wamezubaa. Kuanzia saa nne jua linapoingia bondeni, wadudu huruka na samaki huamka.

Tembo na nyati wanakunywa mto huohuo. Kelele ya maji huziba masikio yako na yao, na hapo ndipo watu hukutana na nyati kwa hatua tano. Nenda na askari wa wanyamapori au mwongozaji anayeujua msitu, na piga makofi au zungumza kwa sauti unapopita vichakani kati ya dimbwi moja na jingine. Buti za mpira zenye soli laini huteleza kwenye mawe yenye ukoga. Vaa zenye meno, na pima kila hatua kwa fimbo ya kutembelea. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla au yanabeba majani mengi, mvua imenyesha juu: toka mtoni papo hapo, hata kama kwako kuna jua.

Kaboni hupitisha umeme. Radi ikinguruma, kunja fimbo. Usiifungue wala kuirusha karibu na nyaya za umeme.

Kufungua, kukunja na kutunza

Kufungua, toa kikia, funga mshipi, kisha vuta vipande ukianza na vile vyembamba vya ncha kuelekea mpini. Kila kimoja kikaze kwa mvuto mdogo, bila kukizungusha. Kukunja ni kinyume chake: anza na kipande kinene kilicho karibu na mpini, umalizie na ncha. Anayeanza kukunja kutoka kwenye ncha huisukuma ikiwa haina kinga, nayo hukatika kama kijiti kikavu.

Vipande vikigandana, shika kila upande kwa kipande cha mpira, vidole karibu na kiungo, usukume kwa mstari ulionyooka. Visipoachia, chovya kiungo kwenye maji baridi dakika chache ujaribu tena. Koleo huponda kaboni, usilitumie.

Ukifika nyumbani, fungua kifuniko cha chini ya mpini, toa vipande vyote, vipanguse kwa kitambaa kikavu na uviache usiku kucha visimame wima penye hewa. Chembe moja ya mchanga ndani ya kiungo huchora mkwaruzo, na mkwaruzo huo ndio utakaokuwa ufa msimu ujao. Kata uzi wa mwisho uliotumika, utupe jalalani badala ya mtoni, na pitisha mshipi kati ya vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho ukitafuta mahali palipochubuka. Ukipata mchubuko karibu na mwisho, kata hapo na ufunge kitanzi upya. Mshipi wa mita 3.4 unarushwa vilevile.